Macho Maangavu Hayatoshi: Kuchagua Samaki wa Sashimi ya Nyumbani

Muuza samaki aliinua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba ili nione matamvua, mekundu na yenye unyevu, kisha akabonyeza ubavu wa samaki na kuniacha nitazame jinsi nyama ilivyorudi mahali pake bila kuacha bonyeo. Nilikuwa nimemuuliza swali moja tu: je, samaki huyu anafaa kwa sashimi, yaani naweza kumkata vipande nikamla bila kumpitisha motoni?

"Ameingia leo asubuhi, ndugu yangu," alijibu. "Mtazame macho."

Nilimtazama. Macho yalikuwa yametuna, meusi katikati, hayana utando wala ukungu, na harufu ilikuwa ya maji ya chumvi tu. Kwa kila kipimo nilichowahi kufundishwa na watu wanaowajua samaki, huyu alikuwa samaki mzuri, na muuzaji hakunidanganya hata kwa neno moja.

Ila hakujibu nilichomuuliza.

Nilimnunua, nikamkaanga, akaliwa na kusifiwa. Lakini mazungumzo yale mafupi yamenisumbua kwa wiki kadhaa, hasa kila ninaposoma maelekezo ya kutengeneza sushi nyumbani, yaani wali uliotiwa siki ambao mara nyingi huliwa na samaki asiyepikwa. Wali hupewa aya baada ya aya: uoshwe mpaka maji yaweje, siki itiwe wakati gani, upepewe hadi upoe kiasi gani. Kisu hupewa sehemu yake. Samaki, ambaye akichaguliwa vibaya anaweza kumlaza mtu hospitalini, huambulia sentensi moja: chagua samaki mpya kabisa.

Nimefika mahali ambapo naiona sentensi hiyo kuwa si pungufu tu, bali inampeleka msomaji upande usiofaa.

## Kabla ya kufa na baada ya kufa

Macho, matamvua, magamba yaliyoshika barabara, nyama isiyobaki na alama ya kidole: dalili zote hizi zinaeleza yaliyompata samaki baada ya kufa. Zinaeleza muda uliopita na baridi aliyohifadhiwa nayo. Ni dalili za kweli, na mnunuzi asiyezijua atauziwa chochote. Lakini hazisemi lolote kuhusu maisha ya samaki huyo, yaani aliogelea katika maji gani, alikula nini, na chakula hicho kilikuwa kimebeba nini.

Chukua mnyoo aitwaye Anisakis. Mnyoo huyu hukomaa tumboni mwa nyangumi, pomboo na wanyama wengine wa baharini wanaonyonyesha. Mayai yake hutoka na kinyesi na kuanguliwa majini, viluwiluwi wakaliwa na vijidudu vya jamii ya kamba, vijidudu wakaliwa na samaki na ngisi, na kiluwiluwi akatulia ndani ya samaki akingoja siku ambayo nyangumi mwingine atammeza. Akimezwa na mtu badala ya nyangumi, amefika mahali pasipo pake na hawezi kukomaa, ila hilo halimzuii kujipenyeza katika ukuta wa tumbo. Maumivu makali huweza kuanza saa chache tu baada ya mlo, pamoja na kichefuchefu na kutapika, na mara nyingi daktari hulazimika kupitisha mpira wenye kamera kooni mwa mgonjwa na kumnyofoa mnyoo kwa kikoleo kidogo.

Macho maangavu yanatueleza nini kuhusu kiumbe huyo?

Hayatuelezi kitu. Tena samaki aliyevuliwa alfajiri ya leo na ambaye hajawahi kuonja friza ndiye ambaye mnyoo wake, kama yumo, bado yu hai na ana nguvu zake zote.

Upya una faida moja hapa, nayo si ile inayotajwa kila siku. Viluwiluwi wengi hukaa katika matumbo na viungo vya ndani, na baadhi yao huhamia kwenye mnofu baada ya samaki kufa. Kwa hiyo samaki aliyetolewa matumbo mapema, huko huko chomboni, ana uwezekano mdogo wa kuwa nao mnofuni kuliko yule aliyelala na matumbo yake mpaka sokoni. Uwezekano unapungua, hauondoki.

Wala mtu asitegemee ukali wa macho yake mwenyewe. Kiluwiluwi ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, ni mwembamba, ana weupe unaokaribia kupitisha mwanga, na hupenda kujikunja mviringo ndani ya nyama ambayo nayo ni nyeupe. Viwandani minofu hulazwa juu ya meza yenye taa chini yake ili mwanga upenye na kumfichua, na bado wengine hupita. Siki haimwui. Chumvi ya saa chache haimwui. Wasabi, kiungo kikali cha kijani kinachoandamana na sashimi, haimwui, na anayemmwagia ndimu anamwongezea ladha tu.

## Waholanzi na heringi wao

Msimamo wangu uligeuka nilipofika kwenye habari za Uholanzi. Huko heringi, samaki mdogo wa baharini, huliwa bila kupikwa, akiwa ametiwa chumvi kidogo, na ni chakula ambacho watu hukisubiri kwa hamu kila msimu. Mwaka 1960 P. H. van Thiel na wenzake walichapisha maelezo ya wagonjwa waliofika hospitalini na maumivu makali ya tumbo, na chanzo kikaonekana kuwa mnyoo yule yule, aliyetoka kwa heringi. Mwaka 1968 sheria ikataka heringi wa kuliwa kwa namna hiyo agandishwe kwanza, na ugonjwa ukapungua mno.

Heringi hakuondoka mezani. Wala hakuna aliyewaambia Waholanzi watafute heringi mpya zaidi, kwa sababu upya haukuwa tatizo lao. Kilichobadilika ni hatua moja ambayo hakuna mlaji angeweza kuithibitisha kwa kumkodolea samaki macho: kwamba kabla ya kufika mezani, baridi kali ilikuwa imepita ndani yake.

Tangu niliposoma hayo, nikisikia mtu anasema "samaki wa kuliwa bila kupikwa lazima awe hajagandishwa," najiuliza kanuni hiyo ilitungwa na nani, na kwa faida ya nani.

## Kiburi dhidi ya barafu

Kiburi hicho kipo, na nakielewa. Samaki wa friza amezoeleka kama samaki wa dharura, yule anayenunuliwa kwa sababu mwingine hakupatikana. Nami nilikuwa na shaka iliyonishika kwa muda: hata kama barafu inaua minyoo, je, haiui na ladha? Kuna haja gani ya kutengeneza sashimi kwa samaki aliyelegea?

Jibu la kwanza lilitoka huko huko sashimi ilikokulia. Soko la Toyosu mjini Tokyo, lililorithi minada ya soko la zamani la Tsukiji mwezi Oktoba 2018, lina sehemu ambako jodari waliogandishwa hulazwa sakafuni safu kwa safu, wagumu na weupe kwa ukungu wa barafu, mikia ikiwa imekatwa ili wanunuzi wamulike nyama kwa tochi na kuisoma. Sehemu kubwa ya jodari wa sashimi duniani husafiri hivyo, kwa baridi ya takriban nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa sababu katika friza ya kawaida wekundu wa jodari hugeuka kahawia hata akiwa amegandishwa. Kaskazini zaidi, katika kisiwa cha Hokkaido, watu wa Ainu wana chakula kiitwacho ruibe: samoni aliyeachwa agande katika baridi ya nje, akakatwa vipande vyembamba na kuliwa akiwa bado na barafu. Kwao barafu ni sehemu ya mapishi yenyewe.

Jibu la pili ni la kifundi. Samaki akigandishwa polepole, maji yaliyomo ndani ya nyama hufanya chembe kubwa za barafu zinazotoboa kuta za seli, na siku anapoyeyuka, maji hayo hutoka yote na kumwacha mnofu ukiwa mwororo kupita kiasi na usio na uhai. Akigandishwa kwa kasi katika baridi kali, chembe hubaki ndogo na madhara ni machache. Samaki aliyelegea, basi, mara nyingi ameharibiwa na mwendo wa pole wa kugandishwa, au na kuyeyushwa ovyo, au na kugandishwa mara ya pili baada ya kuyeyuka.

Hapa ndipo friza ya nyumbani inapoumbuka. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inataka samaki atakayeliwa bila kupikwa awekwe katika nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi kwa jumla ya siku 7, au agandishwe kwa nyuzi 35 chini ya sifuri mpaka awe mgumu kabisa na kuachwa katika baridi hiyo kwa saa 15. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 zisizopungua. Tofauti kati ya siku 7 na saa 24 ilinitatiza sana mpaka nilipoyasoma maneno kwa makini: Umoja wa Ulaya unadai kwamba baridi hiyo iwe imefika katika kila sehemu ya samaki, hata katikati ya mnofu, ilhali siku 7 za Marekani ni muda wote kwa jumla. Friza nyingi za nyumbani hupangwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hufunguliwa mara kwa mara na mtu anayetafuta aiskrimu, na hazina kasi. Pande lenye unene wa kiganja laweza kuchukua muda mrefu kabla kitovu chake hakijafika baridi ya nje yake.

Anayetaka kuitegemea friza yake ana njia: anunue kipimajoto, ahakikishe baridi imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, akate samaki vipande vyembamba, kisha ahesabu siku 7 bila kudokoa. Mimi sioni sababu ya kujisumbua. Friza yangu haiwezi kumlinda mlaji vizuri wala kuilinda nyama vizuri, na mashine ya kiwandani inaweza yote mawili kwa pamoja. Nikipata samaki aliyekwisha kugandishwa kiwandani, akiwa na karatasi inayosema hivyo, namwacha yule wa asubuhi aende kwenye kikaango.

## Jodari na wekundu unaosema uongo

Jodari ana nafasi yake ya pekee. Kanuni za FDA zinawaondoa jodari wa jenasi ya Thunnus, akiwemo yule wa mapezi ya njano na yule wa mapezi ya buluu, katika sharti la kugandishwa kwa ajili ya minyoo, kwa kuwa hatari hiyo kwao ni ndogo. Kwa mtu anayeanza kutengeneza sashimi nyumbani, hii ni habari njema, na ningependa iishie hapo.

Haiishii hapo. Nyama ya jodari ina kwa wingi kitu kiitwacho histidini, na samaki akikaa katika joto baada ya kufa, bakteria huigeuza kuwa histamini. Anayekula hupatwa na wekundu wa uso, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, pengine na mwasho, na wengi hudhani ni mzio. Sumu hiyo ikishafanyika, kugandisha hakuiondoi na kupika hakuiondoi. Mara nyingine huacha ladha ya pilipili ulimini, na mara nyingine haiachi kitu chochote. Vibua na sardini wana tatizo hilo hilo. Hivyo kwa jodari swali linageuka kabisa: siulizi tena juu ya minyoo, nauliza juu ya barafu ambayo huenda ilikosekana kwa saa kadhaa kati ya ndoana na ghala.

Na rangi? Rangi ndiyo inayouza jodari, na ndiyo nisiyoiamini.

Jodari akiwekewa gesi ya kaboni monoksidi, nyama yake hupata wekundu wa waridi unaodumu, na hudumu hata samaki anapoanza kuharibika ndani. Marekani inaruhusu jambo hilo. Umoja wa Ulaya na Japani haziruhusu. Nikiona vipande vya jodari vyenye wekundu unaofanana kutoka ukingo hadi ukingo, kila kipande sawa na mwenzake, rangi ya tikiti maji, siviulizi vimetoka wapi, naviacha. Jodari wa kawaida hana aibu ya kuonyesha umri wake. Pande huwa jekundu lililokolea katikati, likififia kidogo kuelekea ukingoni, na baada ya siku moja katika friji ukingo huo huanza kuingia kahawia. Kahawia hiyo haipendezi kwa mteja, lakini angalau inasema kweli.

Nikishika pande la jodari, naangalia pia mistari myeupe ya mishipa. Ikipita sambamba na kwa nafasi pana, nyama itakatika vizuri kwa kisu kinachovuka mistari hiyo. Ikibanana na kujikunja, kama inavyokuwa karibu na mkia, kipande kitakuwa na uzi wa kutafuna, na hapo ni bora kukwangua nyama kwa kijiko, kuiacha ile mishipa, na kuitumia iliyopondeka kwenye sushi ya kuviringishwa.

## Samoni hakuwapo tangu mwanzo

Ukimwuliza mtu yeyote ataje samaki wa sushi, samoni atakuwa wa kwanza au wa pili. Ndiyo maana ilinishangaza kusoma kwamba Wajapani kwa muda mrefu hawakuwa na desturi ya kumla samoni wao bila kumpika au kumgandisha. Samoni wa porini wa Pasifiki hubeba Anisakis, na hubeba pia tegu wa jamii ya Dibothriocephalus anayeweza kuishi matumboni mwa mtu. Sushi ya samoni tunayoijua ilianza kusukumwa katikati ya miaka ya 1980, wakati Norwei, iliyokuwa na samoni wengi wa kufugwa na soko dogo la kuwauzia, ilipoanzisha kampeni ya kuwashawishi wanunuzi wa Japani. Bjørn Eirik Olsen alikuwa miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo, na iliwachukua miaka kupenya.

Kilichowapa Wanorwei hoja ni chakula cha samaki. Samoni anayefugwa katika vizimba hula vidonge vilivyotengenezwa kiwandani, wala hana haja ya kuwinda vijidudu vinavyobeba viluwiluwi. Mnyororo ule nilioueleza hapo juu hukatika mahali pamoja, pale mezani pa samaki. Ndiyo maana FDA na Umoja wa Ulaya zinakubali kumwondoa samaki wa kufugwa katika sharti la kugandishwa, maadamu chakula chake hakiwezi kuwa na vimelea hai.

Hapa kuna jambo linalowakera baadhi ya wasomaji wangu, nami nalielewa. Tumezoea kumsifu samaki wa porini kuwa ndiye samaki hasa, na wa kufugwa kuwa nusu samaki. Kuna hoja nzito za mazingira dhidi ya vizimba, na sizikatai. Lakini kwa swali la nani aliwe bila moto, sifa ya porini inageuka kuwa hatari yenyewe: samoni wa porini amekula chochote alichokutana nacho. Nikitaka wa porini kwa sashimi, lazima awe amegandishwa. Nikitaka ambaye hajagandishwa, lazima awe wa kufugwa, na nijue alikofugwa.

## Nisiowagusa

Samaki wa maji baridi, mito na maziwa, simli bila kumpika, wala simtengenezei mtu. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako chakula cha samaki wa mtoni asiyepikwa kiitwacho koi pla kimeenea, mnyoo wa ini Opisthorchis viverrini amehusishwa na saratani ya mirija ya nyongo, na huo si ugonjwa wa tumbo wa usiku mmoja.

Kibua ni mtihani, kwa sababu ladha yake katika siki ni nzuri kuliko samaki wengi ghali. Wajapani huita chakula hicho shime saba: mnofu hufunikwa kwa chumvi, ukaoshwa, ukalowekwa katika siki. Watu wengi huamini kwamba siki ndiyo inayousafisha. Kibua ni mmoja wa samaki wanaoleta Anisakis mara nyingi nchini Japani, na chumvi na siki za mapishi hayo haziwezi kumwua. Agandishwe kwanza, kisha yafuate hayo mengine.

Samaki bapa aitwaye hirame amenifundisha unyenyekevu wa aina nyingine. Nchini Japani watu walikuwa wakitapika na kuharisha saa chache baada ya kumla, wala hakuonekana mnyoo wala bakteria aliyefahamika, hadi watafiti walipomgundua Kudoa septempunctata, kimelea asiyeonekana kwa macho matupu, mnamo miaka ya 2010 na 2011. Tena alikuwamo hata kwa hirame wa kufugwa. Kanuni ya ufugaji niliyoisifu muda mfupi uliopita ina mipaka yake.

Bunju simtaji ila kumkataza. Sumu yake haiondoki kwa moto wala kwa barafu, na Japani hudai leseni kwa anayemtayarisha.

## Hata ladha haiko upande wa upya

Ningekuwa nimeridhika na hoja ya usalama peke yake, lakini kuna jambo lililomaliza shaka yangu ya mwisho, nalo linahusu ulimi.

Samaki aliyekufa sasa hivi ni mgumu na karibu hana ladha. Misuli yake bado ina ATP, ile nishati ya mwili, na kadiri saa zinavyopita ATP huvunjika na kuwa inosinati, ambayo ndiyo inayojenga utamu mzito wa samaki ulimini. Baadaye inosinati nayo huvunjika, na mwisho wake hubaki haipoksanthini, yenye uchungu. Mwaka 1959 watafiti wa Japani walipendekeza kipimo cha mwendo huo, kiitwacho K: asilimia ya vitu vya mwisho katika jumla yote. Samaki mwenye K chini ya asilimia 20 huhesabiwa kuwa anafaa kwa sashimi.

Tazama kipimo hicho kinafanya nini. Hakimtafuti samaki mwenye sifuri. Kinaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo mpishi huchagua. Wenye ujuzi huwaweka samaki wa nyama nyeupe katika baridi kwa siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi, wakiwa wamefutwa maji na kufungwa karatasi, mpaka ugumu ulegee na utamu upande. Ili saa hizo ziwe nyingi, samaki huuawa kwa njia ya ikejime: chuma huchomwa kwenye ubongo, damu ikatolewa, na waya ukapitishwa katika mfereji wa uti wa mgongo ili misuli isiendelee kuteketeza nishati yake kwa kutapatapa. Samaki aliyekufa kwa kuhangaika sitahani ameshaitumia nishati hiyo kabla hajafika barafuni, hata kama alivuliwa alfajiri hii hii.

Simshauri mtu akomaze samaki nyumbani kwa kubahatisha. Nasema tu kwamba saa ya kuvuliwa, ambayo ndiyo muuzaji hujivunia, ina uzito mdogo kuliko namna samaki alivyokufa na baridi iliyofuata.

## Ninachouliza sasa

Siulizi tena kama samaki ni mpya. Nauliza kama ni wa kufugwa au wa porini, na ametoka maji gani. Nauliza kama amewahi kugandishwa, na aliyemgandisha ni nani, kwa nyuzi ngapi na kwa muda gani. Nauliza alitolewa matumbo lini. Nauliza pia ubao na kisu kilichomkata kilikata nini kabla yake, kwa maana mnofu uliogandishwa kwa uangalifu wote hauna maana ukikatwa juu ya majimaji ya samaki wengine.

Maneno "daraja la sushi" kwenye pakiti hayajibu hata moja kati ya hayo. Nchini Marekani hayana maana yoyote kisheria. Muuzaji yeyote anaweza kuyabandika. Muuzaji mwangalifu huyatumia kwa samaki aliyefuata masharti ya kugandisha, na asiye mwangalifu huyatumia kwa samaki mwenye rangi nzuri.

Wauzaji huyapokea maswali haya kwa namna tofauti. Wapo wanaochukizwa, kana kwamba nimewaita wezi. Mmoja alifikiri kidogo, akaniambia, "Kwa kweli mimi sijui, mama, huyo mpike tu," na huyo nimempa imani kubwa kuliko wote, maana siku atakaposema anajua nitamsadiki.

## Mpaka mezani

Kugandisha huua minyoo lakini hakuui bakteria wote, na bakteria walionusurika huamka pamoja na joto. Vibrio parahaemolyticus, aliyetambuliwa kwa mara ya kwanza baada ya watu kuugua kwa dagaa huko Osaka mwaka 1950, hupenda chumvi na huongezeka haraka sana penye uvuguvugu. Kwa hiyo namyeyusha samaki ndani ya friji usiku kucha, kamwe si juu ya meza. Akiwa katika mfuko uliotolewa hewa, naupasua kwanza, kwa sababu bakteria wa botulini hupenda mahali pasipo na hewa. Namfuta kwa karatasi safi mpaka isilowe tena, namrudisha katika baridi, na namkata mwisho kabisa, wali ukiwa tayari na watu wakiwa wameketi.

Wapo nisiowawekea sashimi hata nikiwa na hakika ya kila jibu. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee aliyedhoofika, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka hawapaswi kuombwa kubahatisha na bakteria aitwaye listeria, ambaye hustahimili friji na barafu. Mtu mwenye mzio wa Anisakis naye ana shida yake, kwa kuwa kwake hata mnyoo aliyekufa anaweza kuleta madhara. Hao nawatengenezea sushi ya kamba waliochemshwa, pweza, mkunga wa kuchoma, mayai na tango, na naitengeneza kwanza, kwa ubao wake na kisu chake, kabla samaki asiyepikwa hajatoka kwenye friji.